Kadi za Thabeet zilizopauka ukutani: uchambuzi wa kisa kimoja cha Ilazo

Fremu ililetwa karakanani kwangu Majengo, Dodoma, ikiwa imefungwa ndani ya kanga. Kadi tisa za mpira wa kikapu, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, tatu kwa tatu, chini ya kioo. Mwenye nazo alikuwa na swali moja: "Fundi, kioo kipi kinazuia jua, nikanunue leo hii?" Jibu la swali hilo lipo na nitalifikia, lakini kioo kilikuwa karibu jambo la mwisho katika kazi yote. Naandika kwa urefu kwa sababu ushauri mwingi wa kutunza kadi umetoka kwa watu wa nchi zenye unyevu, ambao hofu yao kubwa ni ukungu. Sisi wa Dodoma tunapata mvua msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na baada ya hapo ni jua, ukavu na vumbi. Adui ni mwingine, kwa hiyo kinga nayo ni nyingine.

Mwenye kadi ni mtumishi wa umma aliyehama na wizara yake kutoka Dar es Salaam. Kazini kwake ni Mtumba, kwenye mji wa serikali, nyumbani ni mtaa wa Ilazo. Ameridhia kisa kiandikwe ila jina libaki kwake.

Kaka yake anaishi Houston na ndiye anayemtumia kadi. Mkusanyo wake una mada: Waafrika waliofika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Kwenye fremu kulikuwa na kadi nne za Hasheem Thabeet, mbili za Dikembe Mutombo za msimu wake wa kwanza wa 1991-92, na moja moja za Hakeem Olajuwon, Luol Deng na Serge Ibaka. Kadi ya tano ya Thabeet, yenye kipande cha jezi ndani yake, ilikuwa imesimama peke yake kwenye meza ya televisheni ndani ya kasha la PSA, ile kampuni ya Marekani inayopima ubora wa kadi kwa daraja la 1 hadi 10 na kuzifungia ndani ya plastiki ngumu.

Kwa soko la Marekani kadi hizi si mali nyingi. Za Mutombo zilichapishwa kwa wingi mno miaka ile, na Thabeet, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, hakudumu NBA kama walivyodumu James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Wakusanyaji wa huko wanapotafuta kadi za 2009 wanamtafuta Curry. Kwa Mtanzania hesabu ni tofauti kabisa: huyu ni kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, na kadi yake ya mwaka wa kwanza ina sahihi yake mwenyewe. Kwa hiyo tusipimane kwa dola. Kilichokuwa kinaharibika ni kitu ambacho mwenyewe asingependa kukinunua mara ya pili, hata kama bei ni ndogo.

Kilichoonekana kabla ya kutoa kadi

Mwenyewe alilalamikia sahihi tu. Ilikuwa ya wino wa bluu, imeandikwa juu ya kibandiko cha kung'aa kilichobandikwa kwenye kadi, kama zilivyo sahihi nyingi za kadi, na sasa ilibaki kivuli. Rangi za kadi zenyewe, alisema, ziko sawa.

Hazikuwa sawa. Uchapishaji wa rangi hutumia wino wa aina nne: njano, majenta, samawati na mweusi. Njano na majenta ndizo huchoka mapema zikipigwa na mwanga. Samawati na nyeusi huvumilia. Ndiyo sababu mabango ya mitindo ya nywele kwenye saluni zinazotazama jua huishia kila mtu ana sura ya bluu. Sasa Memphis Grizzlies huvaa bluu. Mtu akiitazama jezi anaona rangi ipo, anaridhika, kumbe kilichoondoka ni mstari wa dhahabu ubavuni na joto la rangi ya ngozi. Ushahidi ulikuwa chini ya ulimi wa fremu: ukingo wa juu wa kadi za safu ya kwanza, milimita tatu hivi zilizofunikwa na mbao, ulikuwa bado na dhahabu yake kamili. Nilimwonyesha mstari huo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe." Kadi za Olajuwon na Deng zilikuwa na nyekundu nyingi kuliko za Thabeet, na mara tu alipojua pa kutazama aliona kwamba hizo ndizo zilizoumia zaidi.

Jambo la pili lilikuwa kwenye kadi mbili za kung'aa. Kadi za aina hii zina tabaka la plastiki au foili upande wa picha na karatasi upande wa nyuma. Karatasi hunywa na kutoa unyevu kufuatana na hewa, foili haifanyi hivyo. Kiangazi cha Dodoma kikikausha karatasi, mgongo wa kadi hunywea, uso unabaki na upana wake, na kadi inajikunja ikitokeza tumbo mbele. Ndani ya fremu hii hapakuwa na nafasi yoyote kati ya kadi na kioo. Tumbo lilikutana na kioo. Moja ya kadi hizo ilikuwa na alama ya duara katikati, kama mahali palipong'arishwa. Ya pili ilikuwa imegandana na kioo kabisa: joto la alasiri, mgandamizo wa muda mrefu, halafu unyevu wa miezi ya mvua.

Tatu, vumbi. Chini kwenye kona ya ndani kulikuwa na mstari mwembamba wa udongo mwekundu. Mgongo wa fremu ulikuwa hadibodi iliyopigiliwa misumari midogo, bila kitu cha kuziba mwanya. Upepo wa mwezi wa saba na wa nane hauhitaji mwaliko.

Nne, kadi zote zilikuwa zimebandikwa kwenye manila kwa selotepu ya pande mbili. Sitaki kumlaumu sana aliyeitengeneza. Fundi wa fremu wa kawaida hupewa vyeti, picha za mahafali na aya za msikitini. Kwake kazi nzuri ni ile isiyocheza ndani ya kioo. Hakuna aliyemwambia kwamba hiki ni kitu ambacho siku moja kitatakiwa kutoka kizima.

Ukuta

Kabla ya kugusa gundi nilikwenda kuona nyumba. Sebule ina dirisha kubwa la aluminiamu upande wa magharibi, na dirisha dogo zaidi kaskazini linalofunguka barazani. Fremu ilikuwa imetundikwa ukuta wa mashariki, ikitazamana na dirisha la magharibi. Ndiyo sehemu ya heshima: mgeni akikaa kwenye sofa anaiona. Jua la jioni nalo linaiona.

Tufanye hesabu. Makumbusho hupendekeza mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) kwa vitu vya karatasi vinavyopauka upesi. Jua likikaribia kuzama, miale yake ikipita dirishani na kugonga ukuta wa mbele moja kwa moja, tuseme inaleta luksi 20,000. Hapo Ilazo, kwa urefu wa dirisha na upana wa chumba, miale hiyo ilikuwa inaifikia fremu kwa kama nusu saa ya mwisho. Nusu saa ya luksi 20,000 ni luksi-saa 10,000. Kwa mwanga wa makumbusho ingechukua saa 200 kufika hapo, yaani siku 25 za kufungua milango saa nane kwa siku. Jioni moja tu. Na kuanzia Mei hadi Oktoba mawingu ni machache, kwa hiyo jioni hizo hufuatana. Uharibifu wa mwanga hujumlishwa. Kadi ikiwekwa kabatini haipumziki ikapona.

Hapo ndipo swali la kioo linapokosa nguvu. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na vioo maalumu huzuia karibu yote, lakini mwanga tunaoutumia kuonea nao hupausha. Ukiweka kioo bora kabisa kwenye ukuta ule, umepunguza kasi ya uharibifu, hujauzuia.

Ushauri rahisi ungekuwa korido. Haina dirisha, taa huwashwa mtu akipita. Nilipoutaja, mwenyewe alinitazama kama nimemtukana. "Korido inakwenda vyumbani, fundi. Mgeni gani atapita huko?" Ana haki. Katika nyumba zetu mgeni huishia sebuleni, na kitu kilichotundikwa koridoni kimetundikiwa watoto na mwenye nyumba akienda kulala. Ushauri wa vitabu hauoni hilo.

Kwa hiyo tulirudi kwenye jua lenyewe. Dodoma iko karibu digrii 6 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana hukaa upande wa kaskazini, juu kama digrii 60, na huzama kaskazini kidogo ya magharibi. Desemba huhamia kusini na kuzama kusini kidogo ya magharibi. Maana yake kwa sebule hii: miale ya jioni ya Desemba inayoingia dirisha la magharibi huelekea ukuta wa mashariki na kipande cha ukuta wa kaskazini. Ya Juni huelekea mashariki na kugusa ukuta wa kusini, ila kwa mshazari, mbali na kona. Dirisha linaanza mita moja kutoka kona, hivyo kama mita mbili za kwanza za ukuta wa kusini, kuhesabu kutoka kona ya magharibi, hazipati mwale wa moja kwa moja mwaka mzima. Jua la mchana la Juni lingeweza kuingia kwa dirisha la kaskazini, lakini paa la baraza linalikata.

Hesabu peke yake haikumridhisha mke wake, na mimi pia nilitaka kuona. Tulikata vipande vya gazeti, tukafunika nusu ya kila kipande kwa karatasi ya alumini ya jikoni, tukavibandika sehemu mbalimbali za sebule: mashariki, kusini karibu na kona, kaskazini, na kimoja koridoni. Karatasi ya gazeti ina lignini nyingi, kemikali itokayo kwenye mti, hivyo hugeuka njano haraka ikipata mwanga. Baada ya wiki kadhaa kipande cha mashariki kilikuwa na mpaka unaoonekana ukiwa umesimama mlangoni. Cha kusini ilibidi ukisogeze machoni. Cha korido hakikuwa na mpaka wowote. Kipimo hiki hakitoi namba, ila kinalinganisha ukuta na ukuta ndani ya nyumba yako mwenyewe, na hakina gharama.

Tatizo: kwenye kona ile ya kusini ndipo ilipokuwa picha ya harusi.

"Kwa hiyo," mama mwenye nyumba aliuliza, "picha ya harusi ndiyo ihamie juani?"

Mumewe aliniachia mimi nijibu. Nilisema picha ya harusi faili lake lipo, ikipauka inachapishwa nyingine, ila sahihi ya Thabeet haichapishwi. Kwa mantiki nilikuwa sahihi, lakini hoja yangu haikufika mbali. Mwisho tulikubaliana vyote viwili vikae kusini, harusi juu ya sofa na kadi karibu zaidi na kona, na ukuta wa mashariki ubaki na saa ya ukutani.

Kuzitoa

Nilianza na kadi ya bei ndogo kuliko zote, moja ya zile mbili za Mutombo, maana kadi ya kwanza ndiyo inayokufundisha gundi ikoje. Nilipasha moto nyuma ya manila kwa drayeri ya nywele, joto la chini, kisha nikapitisha uzi wa kusafishia meno kati ya kadi na manila, nikiuvuta kama msumeno, bila kuinua kadi. Ilitoka na kuacha ngozi ndogo ya karatasi kwenye kona. Ya pili sikuacha ipoe kabla ya kumaliza, ikatoka safi. Gundi iliyobaki niliisokota kwa kidole hadi ikajikusanya yenyewe. Sikutumia petroli wala tina. Hivyo vinaweza kulainisha wino na tabaka la juu.

Kadi ya sahihi sikuibandua. Manila ilikatwa kuizunguka ikabaki na mgongo wake wa bandia. Kukunja kadi hata kidogo kungeweza kukipasua kile kibandiko chenye sahihi, na hakuna aliyekuwa akikosa usingizi kwa sababu ya mgongo wa kadi.

Ile iliyogandana na kioo ndiyo watu huiharibu kwa haraka. Ukiivuta, picha hubaki kiooni na karatasi mkononi. Nilikata kioo kuizunguka kwa almasi, nikalainisha kingo kwa msasa, ikabaki na kipande chake. Unaweza kuiona na kuipiga picha kupitia kioo, na kama siku moja atapatikana mhifadhi mwenye ujuzi na vifaa, ataikuta ilivyo.

Halisi au nakala

Huu ndio mjadala uliochukua muda mrefu kuliko useremala. Msimamo wangu ulikuwa kwamba kadi yenye sahihi isirudi ukutani kabisa. Wino wa kalamu nyingi ni wa rangi isiyostahimili mwanga, na hiyo iliyobaki ilikuwa ya kuhesabika. Mwenyewe alisema: "Kama ni kopi, mgeni anaona nini?"

Bahati ilikuwapo. Kaka yake alikuwa bado na picha ya muuzaji ya wakati wa kununua, kubwa na safi, sahihi ikiwa bado mbichi. Ilichapishwa studio mjini kwa ukubwa wa kadi, milimita 63.5 kwa 88.9, na ikatoka ikiwa nzuri kuliko halisi. Hilo lilimkera badala ya kumfurahisha, na ninamwelewa. Lakini ndiyo hali: nakala inaonyesha Thabeet alivyosaini, na halisi inaonyesha ilivyofanywa na jua la Ilazo. Alikubali nakala itundikwe kwa sharti kwamba Thabeet mwingine, ile kadi ya karatasi isiyo na sahihi, awe halisi. Mimi nami nikaweka sharti langu: nyuma ya nakala paandikwe kwa penseli kwamba ni nakala. Leo kila mtu nyumbani anajua. Miaka ishirini ijayo mtoto wake anaweza kuiuza kwa nia njema kabisa.

Kadi ya jezi kwenye kasha la PSA ilizua mshangao wa mwisho. Wengi hudhani kasha lile ni ngao ya kila kitu. Linazuia vidole, mikunjo na udanganyifu, lakini mwanga unapita. Ikaondoka kwenye meza ya televisheni ikaingia droo. Na kwa wanaonunua kadi za jezi: someni maandishi ya nyuma. Nyingi za wachezaji wapya hutumia jezi iliyovaliwa kwenye zoezi la kupiga picha tu, haijawahi kuona mechi. Si utapeli, kimeandikwa pale pale, ila wauzaji hawakisomi kwa sauti.

Wageni kwa upande wao wana hoja yao moja: "Samatta yuko wapi?" Mada ni kikapu, mwenye nyumba anaeleza kila mara, na kila mara haieleweki.

Fremu mpya

Kadi sita, safu mbili za tatu: Thabeet wa karatasi, nakala ya sahihi, Mutombo aliyetoka safi, Olajuwon, Deng, Ibaka. Kila moja iliingia kwanza kwenye kifuko laini cha polipropilini, kisha kwenye toploda, yaani kikasha kigumu cha uwazi kinachoingizwa kadi kwa juu. Cha kukwepa ni ile plastiki laini ya vinili yenye harufu kali, inayouzwa kama mifuko ya vitambulisho. Vilainishi vyake hutoka taratibu, vikanata kwenye wino.

Toploda ya kawaida ina upana wa sentimita 7.6 na urefu wa 10.2. Kwa nafasi ya sentimita 3 kila upande, tatu kwa upana zinahitaji 34.8, na mbili kwa wima 29.4. Tukaweka uwazi wa 35 kwa 30. Unene hupimwa kwa pointi, na pointi moja ni elfu moja ya inchi. Kadi za kawaida huingia toploda ya pointi 35, chini kidogo ya milimita moja. Yule wa jezi, kwa mfano, angehitaji pointi 130 au zaidi, na fremu yote ingebidi iwe nene kwa ajili yake.

Badala ya gundi, seremala jirani alichana mifereji kwenye vijiti vyembamba vya wima kwa ruta, mashine ya kuchimbia mifereji kwenye mbao, toploda zikashuka ndani yake kama milango ya kabati ya kuteleza. Mbao ya juu ya fremu imefungwa kwa skrubu mbili. Ukizifungua, kadi yoyote inatoka bila kugusa nyingine. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia sasa kwa kazi ya aina hii: kama siwezi kuitoa kadi kwa bisibisi peke yake, fremu haijaisha.

Mbao ni mninga, kwa sababu mwenyewe aliutaka na mchwa hawaupendi. Msonobari ungetosha. Kwa mgongo sikutumia hadibodi wala emdiefu, ambayo hutoa mvuke wa kemikali na huvimba ikilowa. Nilipata mabaki ya alukobondi, yale mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, kwa watengeneza mabango: bapa, haipindi, haiguswi na mchwa, na walikuwa wanayatupa. Kati ya kadi na kioo nimeacha milimita 6 kwa vijiti vya pembeni. Mwanya wa nyuma umezibwa kwa tepu ya karatasi pande zote, na vipande vinne vya raba kwenye kona vinaiachia fremu pumzi kidogo kutoka ukutani. Mijusi watapita hapo nyuma, hilo halizuiliki, ila hawataingia.

Sasa kioo. Vioo vya fremu vyenye kinga ya urujuanimno sikuvipata madukani Dodoma. Nilichotumia ni kioo cha lamineti, kile cha vipande viwili vyenye utando wa plastiki katikati, jamaa wa kioo cha mbele cha gari. Utando ule huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Ubaya wake ni uzito: kioo ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo cha milimita 6 kwa ukubwa huu kinafika kilo 1.6 hivi, bado mbao. Kwa fremu ndogo inabebeka. Kwa ya mita moja nisingeshauri. Hapo ni heri perspeksi, plastiki ngumu inayoonya kama kioo, ingawa huchubuka ukiifuta vumbi kavu, na vumbi letu ni la kufuta kila siku.

Ukuta ni tofali za saruji zenye plasta. Msumari hapo ni kujitafutia shari. Mashimo mawili ya drili, fisha za milimita 8, skrubu mbili, pima maji juu yake. Kitovu cha fremu kipo sentimita 145 kutoka sakafuni.

Mwenyewe alitaka mkanda wa taa za LED kuizunguka. LED hazitoi urujuanimno wa kutisha, lakini mwanga ni mwanga. Tulikubaliana taa moja ya rangi ya joto, yenye swichi yake, iwashwe wageni wakiwepo. Dirisha la magharibi limebandikwa tinti isiyo na rangi, ile ya magari, na pazia zito huvutwa kuanzia saa kumi jioni. Hiyo ya pazia inamtegemea mtoto wa darasa la sita, kwa hiyo sijaiweka kwenye mahesabu.

Ile kadi ya kung'aa iliyokunjika imo ndani ya toploda, kwenye sanduku pamoja na halisi ya sahihi na ile ya kiooni. Imenyooka kiasi, na msimu wa mvua ilinyooka zaidi, lakini alama ya duara iko pale pale. Kaka wa Houston ameombwa atafute nyingine yenye sahihi, isiyowahi kuning'inia mahali popote.

Kipande kipya cha gazeti, nusu kimefunikwa, kimebandikwa pembeni mwa fremu ambapo hakionekani ukiwa umekaa. Juni jua likifika kaskazini kabisa tutakifunua tuone kama mita zangu mbili zilikuwa za kweli. Mama mwenye nyumba ameshaamua bila kusubiri: ameleta picha ya harusi, anataka lamineti, anataka alukobondi, na anataka skrubu juu, si misumari. Ni kubwa kuliko ya mumewe, kwa hiyo tunaanza upya mazungumzo ya uzito wa kioo.